Wadudu wa Marehemu Banza

Nilicheka kwenye kilio cha mchungaji wetu wa zamani, tena si kile kicheko cha kufichwa puani. Jeneza lake lilikuwa limewekwa uwanjani chini ya taa ya barabara, jeneza zuri lililopakwa vernisi nyeusi mpaka ukiinama unajiona, na koro ya kanisa ilikuwa katikati ya wimbo, pale mdudu mmoja wa maji, mpana kama kiganja cha mtoto, aliposhuka kutoka gizani, akafunga mabawa, akajitupa juu ya kifuniko, ko! Kisha akaanza kuogelea. Nasema kuogelea kwa sababu ndivyo alivyofanya: alipiga makasia kwa miguu yake ya nyuma juu ya mbao kavu, akazunguka, akapumzika, akajaribu upande mwingine. Niligeuka kumtazama Mama Mudogo Alphonsine, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, naye alikuwa tayari ananitazama, na hapo basi. Yeye alijifunika kitenge usoni, mabega yakamtikisika, wanawake wakaja kumshika wakidhani amezidiwa na huzuni. Mimi sikuwa na kitu cha kujifunika. Mpaka leo kuna watu kanisani wanaonisalimia kwa ncha za vidole. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya marehemu ambaye angecheka kuliko sisi wote, naandika habari za mwaka ule taa zilipokuja Kamina mtaani kwetu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari na nikawa naishi kwa Mama Mudogo, nikingoja maisha yangu yaanze. Wakati nangoja, nilisugua sakafu. Mama Mudogo alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mjane asiye na mtoto, na alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na barza ya mbele yenye sakafu ya saruji nyekundu. Watu wengine husifiwa kwa watoto wao au kwa sauti yao kwenye koro. Yeye alisifiwa kwa sakafu. Kila Jumamosi tulipaka siraji, ile nta nyekundu ya kopo, tukaiacha ikolee, kisha nikafunga kipande cha blanketi kwenye kila mguu na kucheza juu yake asubuhi nzima, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka saruji ikang'aa kama maji ya mtungini. Nikisema nimechoka, Mama Mudogo alikuja kuinama juu ya sakafu na kucheka bila sababu. Alikuwa anaangalia kama meno yake yanaonekana. Yasipoonekana, narudi kucheza. Leo magoti yangu yakiuma wakati wa baridi, daktari huniuliza kama nilicheza mpira nikiwa kijana, nami humwambia ndiyo, kwa sababu maelezo ni marefu.

Mume wake aliitwa Banza. Alikuwa mtu wa Malemba-Nkulu, amezaliwa kando ya mto Lualaba, na katika miaka yote aliyoishi Kamina hakuwahi kuusamehe mji huu kwa kukosa mto. Alituita watu wakavu. Alisema hawezi kulala mahali pasipo na sauti ya maji, kwa hiyo aliweka beseni la bati chini ya ukingo wa paa, nyuma ya dirisha la chumba chao, ili mvua ikinyesha matone yamlaze. Alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka mtoni, wakafanya yote yanayopaswa kufanywa, wakamfungua mjane wao kutoka msibani kwa amani, wakala, wakaondoka. Hakukuwa na deni la maneno upande wowote. Lakini beseni Mama Mudogo hakuliondoa. Nilipomwuliza, aliniambia kwamba maji ya mvua ni mazuri kwa nywele.

Ndipo alipokuja Papa Donat. Huyu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali ya provensi, mtu wa makamo ambaye hajawahi kuoa, mpole mno, mwenye sauti ya chini hivi kwamba ulilazimika kumsogelea ili ujue kama anakusalimia au anaomba radhi. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kuketi kwenye barza yetu, kofia juu ya magoti, tai shingoni, akatazama sakafu na kusema ni safi kweli. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mapenzi. Mama Mudogo alikuwa anaingia ndani kuleta chai, na kule jikoni nilimwona akitabasamu peke yake juu ya birika, mwanamke mzima, mwalimu wa watu. Nilitaka sana aolewe naye. Kabla sijahamia kwake, kila nilipopita nilimsikia akila peke yake, na sauti ya mtu anayekula peke yake naijua mpaka leo, kijiko hugonga sahani kwa nguvu kidogo. Papa Donat naye alitaka. Kizuizi kilikuwa kimoja tu: wazazi wake walikufa mapema, alilelewa na dada yake mkubwa, Yaya Philomène wa Kaniama, na bila neno la Yaya Philomène, Donat hakununua hata viatu. Yaya alikuwa ametuma habari kwamba mvua zikianza, kabla ya kupanda mahindi, atashuka Kamina kula mkononi mwa huyo mwanamke na kuona anakaaje. Akiridhika, ndoa. Asiporidhika, Donat atarudi kuangalia sakafu za wengine.

Taa zilifika kabla yake. Mradi fulani ulisimamisha milingoti kando ya barabara, kila mmoja na ubao wake wa jua kichwani, na mmoja ukaangukia mbele kabisa ya nyumba yetu, mwingine mbele ya nyumba ya mchungaji kule chini. Zilijiwasha zenyewe jua likizama, na hakuna aliyejua kuzizima. Jamani, tulifurahi. Wanafunzi walikuja kukaa chini ya mlingoti wetu na vitabu vyao, mama mmoja akahamisha kikaango chake cha maandazi, wapenzi wakahamia barabara nyingine. Mama Mudogo alifurahi kuliko wote, kwa sababu sasa sakafu yake ilionekana hata usiku. Mwanga ulilala juu ya barza yote, na mtu aliyepita barabarani aliona wekundu ule unavyometameta. Wengine walisimama kabisa. Aliniambia tuongeze siraji.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, na wadudu wakaja. Vipepeo vya usiku vilizunguka taa yenyewe, huo ni wazimu wao wa siku zote, hatukushangaa. Kumbikumbi walipokuja tuliwakusanya na kuwakaanga kwa chumvi. Lakini kulikuwa na wengine ambao hatukuwajua, na hawa taa hawakuijali. Walifika kwenye mwanga, wakashuka chini, wakapita juu ya vichwa vya wanafunzi, wakaja moja kwa moja kwenye barza yetu, wakafunga mabawa na kupiga mbizi. Ko! Ko! Walikuwa wadudu wapana wa kahawia wenye miguu ya nyuma iliyopigwa bapa kama makasia, na mende weusi wanaoteleza, na vidudu vyeupe laini vyenye nyuzi ndefu mkiani, vilivyoshuka kama unga unaopepetwa. Wakifika juu ya sakafu walijaribu kuogelea. Asubuhi tuliwafagia kwa chano, wengi wamekufa kwa kukauka, miguu bado imenyooka kama waliokuwa safarini. Nyumba nyingine za mtaa huo zilikuwa na sakafu za udongo au saruji kavu, na huko hakuanguka hata mmoja. Hilo watu waliliona upesi.

Aliyeliona kwanza ni jirani yetu Mama Sergent, mke wa askari wa kambi, mama wa jimbo la Équateur aliyezaliwa kando ya mto mkubwa na kuletwa kwetu na kazi ya mume. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Aliokota mdudu mmoja kwa mguu, akamgeuza, akamwangalia makasia, akasema huyu anamjua tangu utoto, huyu si wa nchi kavu. Akauliza Kamina kuna mto gani. Tukamwambia hakuna mto wa maana, kuna vijito. Basi akaketi, akatafakari kwa muda mfupi sana, akamwambia Mama Mudogo kwa sauti ya huruma: "Bwana yako alikuwaka muntu wa mayi. Sasa iko anatuma bantu yake."

Ukimfikiria vizuri Mama Sergent, hesabu yake ilikuwa na miguu. Wadudu ni wa maji. Mji hauna maji. Katika barabara nzima wanakwenda nyumba moja tu, nayo ni ya mjane wa mtu wa Lualaba, mwaka uleule mjane huyo anataka kuolewa. Mimi nilikuwa na diploma yangu, nimesoma biolojia, na bado nilipolala nilivuta shuka mpaka kichwani. Sisi sote tulisahau mashimo ya wafyatua matofali nyuma ya shule, yaliyojaa maji ya mvua tangu zamani, ambamo kila mtoto wa mtaa alikuwa amewaona wadudu walewale. Mtu haangalii shimoni wakati amekwisha kupata marehemu. Likaja na jambo la mayai. Vile vidudu vyeupe vilitaga juu ya sakafu kabla ya kufa, vifungu vidogo vya njano vilivyoganda kwenye nta, na Mama Sergent alipoviona alishika kifua, akasema marehemu hakumwachia mke wake mtoto, sasa ona, anamletea. Mama Mudogo alipiga magoti, akayakwangua mayai yale kwa kisu cha siagi, akayatia katika lile beseni la bati nyuma ya nyumba. Akaniambia ni kwa ajili ya somo la sayansi darasani.

Yaya Philomène alifika Alhamisi juu ya pikipiki, amekaa nyuma ya dereva na jogoo chini ya kwapa na mfuko wa unga wa mahindi kati yao, vumbi la Kaniama mpaka kwenye kope. Alikuwa mwanamke mkubwa, mjane naye, mkulima, mwenye macho ya mtu anayechagua mbegu. Hakuketi mara moja. Alivua ndala, akakanyaga barza yetu kwa mguu mtupu, akainama, akatoa meno. Mimi na Mama Mudogo tulitazamana: kumbe kipimo hicho kiko na Kaniama! Aliona meno yake yote, akasema mama yake mzazi alikuwa anasema mwanamke asiye na sakafu hana nyumba, ana paa tu. Papa Donat alipumua. Tulikuwa tumepika bukari, yaani ugali mweupe, sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, na samaki ambaye Mama Mudogo alimfuata sokoni asubuhi mapema. Tulitandika chakula barzani, kwa sababu mgeni wa namna hiyo humfungii ndani, majirani watasema una la kuficha. Jua likazama. Taa ikajiwasha.

Sitaki kuongeza chumvi. Wa kwanza aliangukia katikati ya sakafu, na Papa Donat akamfunika kwa kofia. Wa pili na wa tatu akawazuia kwa viatu, akizungumza habari za bei ya mahindi kwa sauti kubwa ambayo hatukujua anayo. Kisha wakaja kwa wingi. Mmoja alianguka katika sombe, na pale kwa mara ya kwanza mdudu wa barza yetu alipata kitu cha majimaji, akaogelea kweli, akavuka bakuli zima akielekea kwa Yaya Philomène. Yaya alimtoa kwa vidole viwili, akamweka kando ya sahani, akanawa mikono. Bado tungeweza kupona. Lakini Mama Sergent alikuwa amesimama barabarani akiona mgeni hana wa kumwelezea mambo, na moyo wake mzuri haukuvumilia. Alipanda barzani, akaketi, akaeleza yote, Lualaba, beseni, mayai. Yaya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia ndugu yake. "Donat, mufu anakatala," alisema. Akaongeza kwamba Jumapili baada ya ibada atatoa neno lake na kupanda pikipiki, na kama mambo yako hivi, wote tunalijua neno lenyewe.

Ijumaa ilikuwa siku ya mashauri. Papa Donat, maskini, alikuja asubuhi kabla ya kazi na kupendekeza kwa kunong'ona tumwage majivu kwenye sakafu, maana aliona kwake, kwenye saruji kavu, hakuna mdudu. Mama Mudogo alimwangalia kama amependekeza tumwage marehemu. Sakafu ikiwa na majivu, Yaya atasema mwanamke ni mchafu na Jumapili atakataa. Sakafu iking'aa, marehemu anakuja na Jumapili atakataa. Alikaa na hilo siku nzima, hata shuleni walimwambia ameandika tarehe mbaya ubaoni. Jioni Yaya mwenyewe alitaka mchungaji aitwe, aje aongee na huyo aliyekufa kwa upole. Mchungaji alikuja na Biblia yake, na kwa kuwa ilikuwa ziara ya heshima, alikuwa amepiga viatu vyake vyeusi rangi mpaka vikatoa mwanga. Tulisimama barzani kwa duara. Akatuomba tufumbe macho, akaanza kuomba, na maombi ya mchungaji wetu hayakuwa mafupi, alipita kwanza kwa Ibrahimu na Isaka. Katikati ya Isaka nilisikia ko, kisha ko nyingine. Nilifungua jicho moja na kumkuta Mama Mudogo amefungua yote mawili, ametoa macho kwa viatu vya mchungaji. Juu ya kila kiatu kulikuwa na mdudu anapiga makasia. Nilimkanyaga kidogo kumkumbusha ibada.

"Weye funga macho," alininong'oneza. "Minyi njo niko naangalia."

Baada ya amina, usiku ule, tukiosha vyombo, alizungumza kama mtu aliye mbele ya darasa. Sakafu ina nta. Viatu vina nta. Viatu vya Donat, vya vumbi, viko palepale na hakuna anayetua juu yake. Mdudu hamtafuti mjane, na mchungaji hana ukoo na Lualaba. Mdudu anatafuta maji, na usiku, kutoka juu, maji ni kitu kilicholala chini kinachong'aa. Zamani usiku wetu ulikuwa giza na kitu kilichong'aa chini kilikuwa maji kweli, hakukuwa na sababu ya kuuliza mara mbili. Sasa tumemletea taa, tumempakia siraji, naye anaamini anachokiona. Miaka mingi baadaye mwana wa dada yangu, anayesoma elimu ya viumbe chuoni, alinieleza hayohayo kwa maneno marefu, mwanga unavyogeuka ukipiga uso laini na macho ya mdudu yanavyousoma, nikamwambia nimeyasikia haya juu ya sufuria. Siku hizi taa za Kamina ni nyingi, vigae viko kila mahali, magari meusi yamepangwa mbele ya ofisi, na nikipita kwenye mashimo ya matofali jioni ya mvua naona maji yametulia kabisa, bila mdudu. Najiuliza ni wangapi niliowafagia kwa chano, na mayai yao. Hilo linanihuzunisha kuliko nilivyodhani lingeweza kunihuzunisha.

Nilimwambia Mama Mudogo ni rahisi sasa, tumweleze Yaya. Akacheka. Ukimwonyesha Yaya viatu vya mchungaji, atasema marehemu amempiga mchungaji kwa sababu ya kumwombea. Ukipaka nta barza ya Donat, atasema ona, anamfuata mwanaume mpaka kwake. Ilitakiwa barza yenye taa mbele, ambayo haina mjane wala mchumba, barza ya mwanamke ambaye mume wake yuko hai na kila mtu anamwona ameketi. Na Kamina yote, chini ya taa ya pili, barza ya namna hiyo ilikuwa moja. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilitumwa kwa Mama Pasteur, mke wa mchungaji, na kopo la siraji na mablanketi yangu, niseme ni kazi ya kujitolea. Mama Pasteur alinitazama kwa mashaka. Sakafu yake haikuwahi kuonja nta tangu ilipomwagwa, na msichana anayekuja kusugua bila kuombwa huwa na mimba au anataka barua ya kusafiri. Lakini alinikubalia. Nilicheza mpaka saa sita. Mchungaji aliporudi kutoka ziara zake alipanda barza yake kwa hatua za siku zote, akiwa na viatu vyake, akakaa kabla hajafika kwenye kiti. Alibaki pale chini kwa muda, akajiona ndani ya sakafu, akasema ni safi kweli.

Jioni Mama Mudogo aliwaalika wote kwa mchungaji, eti kuimba pamoja kabla ya Jumapili: Yaya Philomène, Papa Donat na tai yake, na Mama Sergent, ambaye hakuhitaji kualikwa. Mchungaji aliketi katikati, mzima wa afya, anakula karanga. Jua likazama, taa ikajiwasha, mwanga ukalala juu ya kazi yangu. Tuliimba beti mbili. Hakuna kitu. Mvua haikuwa imenyesha siku ile, nikawaza labda leo hawaji, labda hata marehemu hupumzika Jumamosi. Mama Mudogo aliimba akiangalia juu. Katika ubeti wa tatu, ko. Mmoja. Kisha mwingine. Kisha wakaja wote, wapana na weusi na vile vyeupe laini, wakashuka kutoka gizani wakipiga mbizi kuizunguka miguu ya mchungaji, mpaka akainua soli zake akazishika juu kama mtoto kwenye mtumbwi. Barza yote ilikuwa inaogelea.

Yaya Philomène aliacha kuimba. Alimtazama Mama Pasteur, akamtazama mchungaji na karanga zake, akauliza polepole: "Sasa hii iko mufu wa nani?"

Mchungaji alijigusa kifua. Mama Sergent, ambaye sikuwahi kumwona amekosa neno, aliokota mdudu mmoja, akamwangalia, akaangalia sakafu, akainama akaona uso wake humo. Kisha akasema kwamba yeye tangu mwanzo alisema wanatafuta maji. Nilianza kupiga makofi. Nilijua tumeshinda, marehemu amesafishwa, Jumapili itakuwa nzuri, na nikageuka kumshangilia Mama Mudogo.

Alikuwa analia. Si machozi ya furaha, nilimjua. Alikuwa amesimama na mmoja wa wale weupe ametua mkononi mwake, analia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, kwa mdomo wazi, bila kujali tai ya Donat wala macho ya Kaniama. "Kumbe haiko Banza," alisema. "Kumbe haiko yeye." Hapo ndipo nilipoelewa lile beseni, na kisu cha siagi, na kwa nini hakuwahi kumwua hata mmoja kwa ndala kama mimi. Jioni zote zile, wakati sisi tulikuwa tunaogopa, yeye alikuwa anatembelewa. Na sasa kwa akili yake mwenyewe, kwa nta na kopo, alikuwa amethibitisha kwamba hakuna aliyekuja. Niliumia kwa ajili yake, na papo hapo niliogopa, kwa sababu bibi arusi alikuwa anamlilia mume mwingine mbele ya mchumba na mbele ya yule dada ambaye neno lake ndilo neno. Papa Donat alisimama nusu, akaketi. Mchungaji alishusha miguu polepole. Hakuna aliyethubutu kutafuna.

Yaya Philomène aliinuka. Alitembea kwa uangalifu kati ya waogeleaji, akamfikia Mama Mudogo, akamshika kichwa na kukiweka begani kwake, naye pia macho yake yakajaa, nikakumbuka kwamba huko Kaniama yeye huamka katika nyumba ya mtu mmoja. Walisimama hivyo mpaka kilio kikapungua. Kisha, bila kumwachia, alimtazama ndugu yake juu ya kile kichwa.

"Muke mwenye kulilia wa kwanza namuna hii," alisema, "na wa pili atamulilia muzuri. Donat, umuoe."

Papa Donat alitutazama sote, mmoja baada ya mwingine, na mdudu amemkalia tai.

"Lakini yaya," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "minyi niko bado muzima."

"Haina neno," Yaya akamjibu. "Tutangoya."